Refa Naye Ana Masikio

Kwenye mabaraza ya kahawa ya Ngamiani, hapa Tanga, kuna kesi moja isiyopata hukumu: refa kala. Taifa Stars ikifungwa ugenini, refa kala. Ikipewa penalti ya utata nyumbani, hapo refa anaijua kazi yake. Mimi naona marefa walio wengi hawali chochote. Wanasikia tu, na shabiki asiyejua refa anasikia nini, na wakati gani, anachana koo lake bure.

Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza waliwakalisha marefa 40 mbele ya televisheni, wakawaonyesha matukio 47 ya wachezaji kugombea mpira katika mechi ya Liverpool na Leicester City. Kundi moja lilisikia kelele za jukwaani, jingine likatazama bila sauti. Waliosikia kelele waliipigia timu ya nyumbani faulo pungufu kwa asilimia 15.5. Wote walitazama picha zile zile.

Hapo pana jambo ambalo wengi tunalipita. Kelele hazikuwafanya marefa wale wawabunie wageni faulo. Ziliwatia shaka, wakameza filimbi pale mwenyeji alipocheza rafu. Sasa jitazame wewe na wenzako jukwaani. Mshambuliaji wetu akianguka kwenye boksi, uwanja mzima unasimama kudai penalti. Beki wetu akimkwatua mtu, tunashika vichwa, kimya. Kimya hicho kinamwambia refa kwamba hata wenyewe wameona. Ukitaka sauti yako ifanye kazi, ipaze pale beki wako anapoingia miguuni mwa mtu, kabla filimbi haijafika mdomoni. Ikishalia, umechelewa.

Wakati mwingine wenye faida ni mwisho wa mchezo. Utafiti wa ligi ya Hispania uliotoka mwaka 2005 ulionyesha kwamba mwenyeji akiwa nyuma kwa goli moja, refa huongeza dakika karibu mara mbili ya zile anazoongeza mwenyeji huyo akiwa mbele kwa goli moja. Hesabu ya dakika za majeruhi hufanyika kabla kibao hakijanyanyuliwa, kwa hiyo anayeanza kupiga kelele baada ya kukiona ameshachelewa. Lakini kwetu dakika ya 85, timu ikiwa nyuma, ndiyo saa watu wanateremka ngazi kuwahi daladala.

Uwanja wenyewe nao una maneno yake. Pale Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, njia ya wakimbiaji imekaa kati ya jukwaa na mstari, sauti inafika imechoka. Mkwakwani yetu ya Tanga ni padogo, mshika kibendera anasikia mpaka jina analoitwa. Na VAR, yaani waamuzi wanaorudia picha za video, ikiwepo, goli, penalti na kadi nyekundu zinapata jicho la pili lililo mbali na jukwaa. Zile faulo ndogondogo za katikati ya uwanja zinabaki kwa refa na masikio yake.

Sasa kuna bingwa anayekuja na filimbi. Huyu ningemrudishia getini. Sheria za mpira zimemtaja waziwazi: shabiki akipuliza filimbi ikaingilia mchezo, refa anasimamisha, kisha mpira unaanza kwa kudondoshwa. Na kama mpira ulikuwa ndani ya boksi, anadondoshewa kipa wa timu inayojilinda. Yaani straika wako yuko na kipa uso kwa uso, wewe unapuliza filimbi yako ya shilingi chache, mpira anakabidhiwa kipa. Mpinzani gani angekufanyia ubaya kama huo?

Tofauti ya kelele na fujo ilionekana wazi Guinea ya Ikweta, kwenye AFCON ya mwaka 2015. Robo fainali, mjini Bata, wenyeji walikuwa wamelala 1-0 mbele ya Tunisia mpaka dakika za majeruhi, wakapewa penalti ambayo mpaka leo Watunisia hawaikubali. Wakasawazisha, kisha wakashinda 2-1 katika muda wa nyongeza. Refa alifungiwa miezi sita. Siku tano baadaye, nusu fainali mjini Malabo, Ghana ikiongoza 3-0, mashabiki wakaanza kurusha chupa na vitu vingine. Mchezo ulisimama zaidi ya nusu saa, mashabiki wa Ghana wakakimbilia uwanjani kujiokoa, helikopta ikazunguka juu ya vichwa vya watu. Mechi iliporudi, matokeo yalibaki 3-0, na shirikisho la wenyeji likatozwa faini ya dola 100,000. Kwenye robo fainali kulikuwa na refa mwenye uamuzi mgumu wa kutoa. Kwenye nusu fainali hakukuwa na uamuzi wowote wa kushawishi, magoli yalikuwa matatu. Chupa haijawahi kufuta goli.

Michezo mingine haina hata huyo refa wa kumshawishi. Chukua kuruka kwa upondo. (Wavuvi wa Sahare wana upondo wao wa kusukumia ngalawa, huu ni wa kumrusha mtu juu karibu mita sita.) Ufito umeanguka au haukuanguka, basi. Moscow, mwaka 1980, Warusi walimzomea na kumpigia miluzi Mpoland Władysław Kozakiewicz kila alipojiandaa kukimbia. Aliruka mita 5.78, akavunja rekodi ya dunia, akachukua dhahabu, na akawageukia na ule mkono wa kukunja kiwiko ambao mtu hauonyeshi mbele ya wakwe. Rio, mwaka 2016, Wabrazili walimfanyia hivyo hivyo Mfaransa Renaud Lavillenie. Mbrazili Thiago Braz alishinda kwa mita 6.03, na Lavillenie akazomewa tena jukwaa la medali mpaka akalia. Braz mwenyewe alionekana akiwaomba watu wake waache. Mita 6.03 zilikuwa zake tayari, na zile kelele zilimwachia aibu ya kugawana.

Lakini hata hayo ya kuzomea wageni ni madogo kwetu. Upendeleo wa nyumbani ambao Waingereza waliupima mwaka 2002 ulihitaji jukwaa linalopiga kelele upande mmoja. Sisi hatuna jukwaa hilo. Hapa Tanga mtu wa Coastal Union anaweza kukuimbia ubingwa wa 1988 kama wa juzi, lakini ikifika kimataifa anatoa jezi ya pili kabatini, nyekundu ya Simba au ya kijani ya Yanga, na kuanzia hapo timu ya nyumbani ni yoyote inayocheza na mtani. Vibanda umiza vinajaa Watanzania wanaoshangilia Waarabu. Utani wa jadi siupingi, una utamu wake. Ninachokataa ni mtu huyo huyo kesho yake kukaa barazani kulalamika kwamba ugenini marefa wanawabeba wenyeji, wakati kwao alikuwa anawabeba wageni kwa koo lake.

Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya mwaka 2023 ina hesabu fupi. Tarehe 28 Mei Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger pale Mkapa. Tarehe 3 Juni ikaenda Algiers, kwenye uwanja usio na jukwaa lake, ikashinda 1-0. Jumla ikawa 2-2, na kombe wakalichukua USM Alger kwa sheria ya magoli ya ugenini: mkilingana, anashinda aliyefunga mengi ugenini. Yaliyohesabika ni yale mawili yaliyofungwa Dar es Salaam, na yalikuwa na washangiliaji wake hapa Tanga.