Tuwaulize wagonjwa wa TB: nyumbani kuna watoto wangapi?

Mtu mzima akigundulika ana kifua kikuu, hupewa dawa na tarehe ya kurudi, kisha anaitwa mgonjwa anayefuata. Swali moja husahaulika mara nyingi: nyumbani unaishi na watoto wangapi? Kwangu mimi, swali hilo lina uzito sawa na dawa alizopewa. Mtoto mdogo mara nyingi huambukizwa na mtu anayembeba au anayelala naye chumba kimoja.

Duniani, watoto zaidi ya milioni 1 walio chini ya miaka 15 huugua TB kila mwaka, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu yao hawagunduliki. Wengi wa wanaokufa hawakuwahi kuanza dawa. Hilo ndilo linaloniuma, maana ugonjwa wenyewe unatibika.

Shida ni kwamba tumezoea kumpima mtoto kama mtu mzima. Mtoto hawezi kutema makohozi, huyameza, na vimelea mwilini mwake huwa vichache. Kipimo kikisema hakuna kitu, mama anarudi nyumbani amefarijika, huku mtoto haongezeki uzito na homa haiishi. Siku hizi hata choo cha mtoto kinaweza kupimwa TB, na daktari anaruhusiwa kuanza tiba kwa kuangalia dalili, picha ya kifua na historia ya nyumbani. Tiba nayo imekuwa nafuu kwa mtoto: tangu 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema TB isiyo kali kwa watoto itibiwe miezi 4 badala ya 6, na vipo vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji.

Wazazi wengine huona kovu la chanjo ya BCG wakatulia. Chanjo hiyo husaidia hasa dhidi ya TB kali, kama ile ya kwenye utando wa ubongo, lakini haizuii kila kitu. Ndiyo maana mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa, akichunguzwa na kuonekana hana TB, anastahili dawa za kinga. Kumpa dawa kwa miezi mtoto anayecheza vizuri ni jambo gumu, namwelewa mzazi anayesita. Anahitaji mhudumu atakayekaa naye amweleze, si karatasi ya maelekezo.

Kwa hiyo naomba mhudumu aifuate familia hadi nyumbani, na nauli isiwe mzigo wa mzazi. Mgonjwa akisema ana watoto watatu, wote watatu waandikwe daftarini siku hiyo hiyo.