Mario na skrini isiyorudi nyuma

Kuna mwandishi kaandika kuwa gemu za zamani zilitupotezea utoto tu hazikutufunza kitu, mie hapo sikubaliani nae kabisa. Sie wa Michenzani, Unguja, tukitoka chuo cha Kurani mbio kwenda kucheza Super Mario Bros, ile gemu ya Nintendo ya 1985 unayomkimbiza Mario, haina kuseivu, una roho tatu zikisha unaanza upya dunia ya kwanza, yaani hatua ya mwanzo kabisa, na ukishapita pahala skrini hairudi nyuma hata kama umeacha sarafu. Hilo ndo lilonishika hasa, kiduka changu cha mwanzo kilipokufa nilikaa miezi naumia na hasara ile mpaka nikaikumbuka skrini ile, nikaanza tena na meza moja ya biashara sokoni Darajani. Na kungoja zamu pia, padi (kile kidude cha kuchezea) moja watoto kumi, ukifa unampa mwenzio. Nyie wa Wete na Chake kule Pemba mlikuwa mkicheza gemu gani?