Kwa Nini Mtoto wa Kimarekani Hachezi Chandimu

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, mwaka ambao timu ya Chuo Kikuu cha Michigan inakuja kucheza hapa Columbus, Ohio, mji mzima unavaa nyekundu. Bibi jirani yangu, mtu wa miaka 80 na kitu, hutoka mlangoni asubuhi na mapema akiwa na jezi iliyomfika magotini. Moshi wa nyama unapanda kwenye maegesho ya magari hata jua halijachomoza sawasawa. Halafu watu zaidi ya 100,000 wanaingia uwanja mmoja kuwatazama wanafunzi. Ndiyo, wanafunzi wa chuo cha Ohio State wakicheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kukumbatia mpira na kukimbia nao.

Kilomita chache kutoka hapo upo uwanja wa Columbus Crew, timu ya soka iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Marekani mwaka 2008, 2020 na 2023. Uwanja ni mpya, ulifunguliwa 2021, na una viti 20,000 hivi. Fikiria hapo: timu iliyokuwa bingwa wa nchi nzima mara tatu ina viti 20,000, na wanachuo wa mji huohuo wanajaza laki moja.

Shemeji yangu wa Tabata akinipigia simu lazima aulize: "Hivi shem, hao Wamarekani wana shida gani na mpira?" Swali lake lina haki. Gallup, shirika la kura za maoni, walipowauliza Wamarekani mwishoni mwa 2023 wanapenda zaidi kutazama mchezo gani, asilimia 41 walitaja futiboli yao. Soka ilitajwa na asilimia 5. Miaka ya mwanzo nilikuwa namjibu kama wanavyojibu wengi: hawa watu hawapendi sare, hawawezi kukaa dakika 90 wakingoja bao moja. Leo nina mwaka wa kumi na moja hapa, na jibu hilo nimelitupa.

Besiboli, mchezo ambao wenyewe wanauita wa taifa, unaweza kuchukua karibu saa tatu na kuisha 2-1. Futiboli yao ikiisha 21-14 unadhani ilikuwa mvua ya mabao, kumbe timu moja imefika mstari wa mwisho mara tatu na nyingine mara mbili. Kila ukifika unapata pointi sita, na ya saba kwa teke la nyongeza. Kwa hesabu zetu hiyo ni 3-2. Na mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal liliketi na saa mkononi, likakuta kwamba katika matangazo ya saa tatu ya mechi ya futiboli, mpira wenyewe unachezwa dakika 11 hivi. Muda uliobaki ni wachezaji kusimama, makocha kukunja uso, na biashara. Watu wanaovumilia hayo usiniambie hawana subira.

Wengine husema soka ni ngeni kwao. Nayo si kweli. Kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Uruguay 1930, Marekani walifika nusu fainali, na mchezaji wao Bert Patenaude ndiye mtu wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi moja ya Kombe la Dunia. Huyo alitoka Fall River, Massachusetts, mji wa viwanda vya nguo ambako wafanyakazi kutoka Uingereza na Ureno walikuja na mpira wao. Kule Pennsylvania, kiwanda cha chuma cha Bethlehem kilikuwa na timu iliyokuwa ikiwaleta wachezaji kutoka Uskoti. Na mwaka 1950, mjini Belo Horizonte, Marekani waliifunga Uingereza 1-0. Mfungaji, Joe Gaetjens, alikuwa kijana wa Haiti aliyekuwa akisoma New York huku akiosha vyombo mgahawani. Baadaye alirudi kwao, na mwaka 1964 akakamatwa na watu wa Duvalier, dikteta wa Haiti, hakuonekana tena. Kila nikimfikiria huyu kijana nahuzunika, kwa sababu hata hapa Marekani ni wachache mno wanaolijua jina lake.

Kwa hiyo mpira ulikuwepo. Ila ulikuta viti vimeshakaliwa. Mwaka 1869 vyuo vya Rutgers na Princeton vilicheza mechi ambayo kwa kanuni zake ilikaribia soka kuliko futiboli ya leo, lakini Harvard wakapenda kanuni za raga, vyuo vingine vikawafuata, na ile raga ikageuzwa geuzwa hadi ikawa futiboli yao. Ikachukua msimu wa majani kupukutika. Besiboli tayari ilikuwa na kiangazi. Mwaka 1891 James Naismith akatundika vikapu viwili mjini Springfield ili vijana wapate cha kucheza ndani wakati wa baridi, na msimu wa baridi nao ukapata mwenyewe. Soka ikabaki kwa wahamiaji, mchezo wa baba aliyetoka ng'ambo na lafudhi yake, na mtoto wa mhamiaji kitu anachotaka kuliko vyote ni kufanana na wenzake darasani. Sheria ya 1924 ilipofunga mlango kwa wengi waliokuwa wakitoka Ulaya, hata wale akina baba wakapungua. Nalielewa hili vizuri kwa sababu watoto wangu wenyewe hawataki niwaongeleshe Kiswahili mbele ya geti la shule.

Lakini hiyo ni historia ya zamani, na mambo ya zamani hubadilika. Kinachoniuma mimi ni cha leo.

Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka 10, kocha mmoja alimwona akicheza bustanini, akaja kunisalimia na kuniambia mtoto ana kipaji, nimlete kwenye majaribio. Tukaenda. Viwanja vimekatwa nyasi kama zulia, chokaa nyeupe, nyavu mpya, wazazi wamekaa kwenye viti vya kukunja na vikombe vya kahawa. Mtoto akafanya vizuri, jina likasomwa. Kisha nikapewa karatasi. Dola 2,600 kwa msimu. Jezi mbali, viatu mbali, na mashindano ya Indiana na Kentucky mbali, pamoja na hoteli zake. Mimi nafanya kazi ya usiku ghalani. Nilikaa ndani ya gari na ile karatasi mapajani, mwanangu kiti cha nyuma bado amevaa namba ya majaribio kifuani, akiniuliza mazoezi yanaanza lini.

Hapo ndipo nilipoipata picha yote. Watoto wa Kimarekani wanaocheza soka ni wengi sana; pita viwanja vya vitongoji vya wenye nazo Jumamosi asubuhi utawaona wa miaka mitano wamejaa kama kumbikumbi. Lakini wote wameletwa na gari. Kuna kocha, kuna saa ya kuanza, kuna saa ya kwenda nyumbani, kuna risiti. Sisi tulijifunza mpira Temeke kwa chandimu, mpira wa mtaani, bila mtu mzima yeyote kujua tuko wapi. Mpira wa makaratasi umefungwa kamba za katani, goli ni ndala mbili, na ubishi wa kama bao limeingia au limepita juu ya mwamba ambao haupo unachukua muda mrefu kuliko mechi yenyewe. Mtu aliyebishania bao namna hiyo akiwa na miaka saba, ukimwekea mechi yoyote ya mpira akiwa na miaka arobaini atakaa aangalie. Mtoto aliyepelekwa mazoezini kama anavyopelekwa kwa daktari wa meno, akifika miaka 13 anaacha, na hana sababu ya kurudi.

Mtoto wa Kimarekani asiye na hela naye ana chandimu yake, tena nzuri. Kutoka kwenye nyumba yetu hadi goli la mpira wa kikapu la bustani ya umma ni hatua 300. Hakuna anayelipa. Saa nne za usiku kiangazi bado unasikia mpira unadunda kwenye saruji. Shuleni kwa watoto wangu timu ya kikapu na ya futiboli zina kocha, zina basi, na mkubwa akifanya vizuri anajua ngazi inakoelekea: chuo kwa ufadhili, halafu pengine NBA, ligi kuu ya kikapu, au NFL, ya futiboli. Hiyo ngazi mama yake anaiona kwa macho. Ya soka anaambiwa ainunue kwanza.

Clint Dempsey, mmoja wa wachezaji bora ambao nchi hii imewahi kuwatoa, alikulia Nacogdoches, Texas, kwenye nyumba ya trela. Alijifunza kwa kucheza na wahamiaji wa Meksiko, watu wazima, na ili apate klabu ya maana wazazi wake walikuwa wakiendesha gari karibu saa tatu kwenda Dallas. Kuna wakati walishindwa gharama, akasimama. Alirudi, akafika hadi Ligi Kuu ya Uingereza. Najiuliza ni akina Dempsey wangapi waliosimama na hawakurudi. Kuna baba mwingine ndani ya gari, mahali fulani Texas au Alabama, ana karatasi kama yangu.

Anayeona natia chumvi awaangalie wanawake wao. Mwaka 1972 ilipitishwa sheria wanayoiita Title IX, iliyozitaka shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu visiwabague wasichana, na michezo ikiwemo. Shule zikahitaji mchezo wa wasichana wengi kwa pamoja usiokula fedha nyingi, zikachukua soka. Wasichana wakaipata shuleni kwao, na vyuo vikawapa ufadhili. Matokeo unayajua: Kombe la Dunia 1991, 1999, 2015 na 2019. Fainali ya 1999 dhidi ya China, pale uwanja wa Rose Bowl, iliingiza watu 90,185, na Brandi Chastain alipopiga penalti ya mwisho nchi nzima ilimjua kwa jina. Hao ni Wamarekani walewale tunaoambiwa damu yao haitaki soka. Wala ugonjwa wa kulipia haujawaacha hata wasichana, siku hizi nao wanapitia kwenye klabu zilezile za maelfu ya dola.

Televisheni nayo ina mkono wake. Soka haina pa kuchomeka tangazo, na televisheni ya huku imejengwa juu ya tangazo. Mwaka 1967, televisheni ya CBS ilipoanza kuonyesha ligi ya soka ya kulipwa, mwamuzi mmoja alikiri kwamba baadhi ya faulo alizipuliza ili tangazo lipate nafasi. Watu walipewa mpira uliokatwa katwa, wakaona haunogi. Halafu akaja Pelé na timu ya New York Cosmos, 1975 hadi 1977, viwanja vikafurika watu zaidi ya 77,000 kwa mechi moja, na ligi yenyewe ikafa baada ya msimu wa 1984. Sasa yupo Messi kule Miami tangu 2023, jezi za waridi zimejaa hata hapa Ohio. Nampenda Messi. Lakini jezi wanazouza hazimpi mtoto wa mtaani mahali pa kuchezea.

Na ligi kuu ya sasa imefungwa. Haipandi timu, haishuki timu. Nyumbani, Pamba ya Mwanza ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, ikapanda tena 2024, na kuna wazee waliokuwa wakiisubiri muda wote huo. Hapa timu ya mji mdogo haina cha kusubiri, nafasi inanunuliwa. Mwenye timu anaweza hata kuihamisha kama duka. Mwaka 2017 aliyekuwa mmiliki wa Crew alitaka kuipeleka Austin, Texas, na mashabiki wa hapa walipigana zaidi ya mwaka hadi wakapatikana wamiliki wapya wakaibakiza. Nilimweleza shemeji yangu akashangaa kweli. "Kwa hiyo mtu anaamka asubuhi anaitoa Yanga Jangwani anaipeleka Arusha?" Ndiyo, shem. Na niliona watu wazima wakilia hadharani kwa ajili ya timu hiyo, kwa hiyo usiniambie tena kwamba Wamarekani hawana moyo wa mpira.

Mwanangu hakwenda klabu ile. Nyuma ya nyumba zetu kuna kipande cha nyasi, na familia nyingi hapa ni za Wakongo waliopitia kambi za Tanzania na Burundi. Tulianza Jumapili jioni, watoto sita, goli ni mabegi ya shule. Msimamizi wa nyumba alikuja mara mbili na kibao chake cha kukataza kucheza mpira, mara ya tatu akina mama watano wakatoka wakasimama pale, akaenda zake. Sasa ni watoto ishirini na kitu. Wadogo wakiniona tu natoka kazini wananikimbilia: "Papa, leo kuko mupira?"

Kuna kijana Mmarekani wa jengo la pili, mrefu, mchezaji wa kikapu. Wiki tatu alikuwa akisimama pembeni na mpira wake wa kikapu kwapani. Siku moja kipa wetu hakuja, wakamwita. Mchomo wa kwanza aliudaka kwa mkono mmoja, juu, kama anachuma embe, na watoto wote wakapiga kelele. Jumapili iliyopita nimefika saa kumi na moja kasoro, nyasi bado zimelowa, hakuna mtu. Yeye peke yake alikuwa pale, ameshaweka mabegi mawili chini na anahesabu hatua katikati yake.