Mama Mwenyeji Hapewi Alama

Jumamosi iliyopita mpwa wangu, ambaye ametoka kujitolea kwa miezi miwili magharibi mwa Uganda, aliniletea simu yake na kuniuliza kwa sauti ya mtu anayechagua rangi ya kanga: "Mjomba, huyu mama niliyekaa kwake nimpe nne au tano?" Niliisoma fomu ile mara mbili. Usafi wa chumba, moja hadi tano. Ubora wa chakula, moja hadi tano. Ukarimu wa mwenyeji, moja hadi tano. Nilimrudishia simu yake na kumwambia kwamba sina msaada, kisha nikakaa barazani na hasira ya miaka mingi, kwa sababu fomu ya namna hiyo niliwahi kutumiwa mimi mwenyewe, Januari 2019, nikiwa ndani ya basi dogo lililokuwa likinitoa Bahir Dar kunipeleka Gondar, kaskazini mwa Ethiopia.

Nilikuwa nimemaliza wiki nane kando ya Ziwa Tana, nikisaidia darasa la kompyuta katika kituo cha vijana na kulala katika nyumba ya mama mmoja mjane niliyemwita Emaye, kama walivyomwita wanawe. Nasema "nikisaidia" kwa kujipendelea, maana vijana wale walihitaji kompyuta zaidi ya walivyonihitaji mimi. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mimi siku ya tatu niliinuka kuosha vyombo nikanyang'anywa, siku ya kumi nikanyang'anywa tena, na hadi naondoka kazi pekee niliyokuwa nimeruhusiwa ndani ya nyumba ile ni kupepea mkaa wakati wa kahawa, ambayo hunywewa kwa mikondo mitatu, na mkondo wa tatu unaitwa baraka, neno ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Sasa niambieni, kati yangu na Emaye, nani aliyekuwa amejitolea?

Lakini lililonikaa moyoni kuliko yote ni suala la kuku. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, na Emaye ni Mkristo wa Kanisa la Othodoksi, na Ethiopia kila upande hula nyama iliyochinjwa na watu wake. Kwa majuma mengi jambo hilo halikujitokeza, kwa sababu tangu mwishoni mwa Novemba nyumba nzima ilikuwa katika mfungo wa kuelekea Krismasi yao, usioruhusu nyama, maziwa wala mayai, nasi tukawa tunakula injera, ule mkate wao mwembamba wa chachu, kwa shiro, mchuzi wa unga wa dengu, mchana na usiku, bila mtu yeyote kujiuliza nani kachinja nini. Ilipofika tarehe 7 Januari, siku ya sikukuu, nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba tumbo linanisumbua, ili nisimwaibishe mwenyeji wangu mbele ya chakula alichokisubiri kwa zaidi ya siku arobaini. Emaye hakunipa nafasi ya kusema uongo wangu. Alikuwa amenunua kuku wawili. Mmoja alichinjwa pale uani na mwanawe mkubwa. Wa pili alimchukua mwenyewe alfajiri, kwa miguu, hadi kwa jirani Mwislamu mtaa wa nyuma, akachinjwa huko, akapikwa katika chungu cha peke yake kwa mwiko wa peke yake, na alipoletwa mezani Emaye alinionyesha kwa kidole chungu kipi ni changu, kisha akaendelea na shughuli zake kama mtu aliyeweka chumvi mahali pake. Hiyo, katika fomu, ni alama ngapi? Na inaandikwa katika usafi, katika chakula, au katika ukarimu?

Upo upande wa fedha, nao nitausema kwa ufupi kwa sababu unanitia kichefuchefu. Nilikuwa nikilipa kila wiki kwa wakala aliyenipeleka, ambaye sitamtaja. Nilipomuuliza Emaye kupitia kwa binti yake kiasi gani kinamfikia, alitaja birr ambazo, nilipozibadilisha kuwa dola, hazikufika robo ya nilichokuwa nikitoa. Anayechukua robo tatu hapimwi na mtu. Anayechinjisha kuku wawili ndiye anayepimwa.

Najua nitakachojibiwa, na nakikubali nusu, tena kwa shingo upande. Wapo mabinti waliopelekwa katika nyumba zisizo salama, na bila mahali pa kusema wangeteseka kimya kimya. Basi ulizeni hilo: ulikuwa salama, ndiyo au hapana, na mtu akisema hapana mpigieni simu siku hiyo hiyo. Hakuna usalama wowote unaolindwa kwa kumpa mama mjane nne badala ya tano kwa sababu maji ya kuoga yalikuwa ya baridi.

Siku ya safari, tarehe 17, basi lilikuwa la saa kumi na mbili asubuhi. Waethiopia huhesabu saa kama tunavyohesabu sisi, tangu kuchomoza kwa jua, kwa hiyo nilikuwa mmoja wa wageni wachache ambao hawakuhitaji kuelezwa mara tatu. Emaye aliniuliza kwa nini nisisubiri Timkat, sikukuu yao ya ubatizo, ambayo ilikuwa imebaki siku mbili tu. Nilimjibu kwamba Timkat ya Gondar ndiyo yenye sifa. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba kwao pia kuna maji. Hata hivyo alinisindikiza hadi kituoni gizani, na mkate umefungwa kitambaani, akasimama pale mpaka basi lilipojaa, na haya mabasi hayaondoki kabla ya kujaa. Tulikuwa tukipita mashamba ya mpunga ya Fogera, ng'ombe wametapakaa bondeni, simu ilipolia: Tafadhali mtathmini mwenyeji wako.

Gondar ni mji wa kustahili sifa zake, nalikiri hilo ingawa ningependa kununa. Uko juu milimani, zaidi ya mita 2,100, na majumba ya mawe ambayo Mfalme Fasilides alianza kuyajenga katika miaka ya 1630 bado yamesimama ndani ya ukuta wao, mengine yakiwa na majeraha ya mabomu ya Waingereza walipokuwa wakiwafukuza Waitalia. Askari wa Keya, jeshi la wakoloni Waingereza, kutoka huku kwetu walipigana kuutwaa mji huo Novemba 1941, nao sidhani kama waliulizwa juu ya ubora wa chakula. Niliingia katika kanisa la Debre Berhan Selassie, nikalala chali kwa macho nikitazama dari lililojaa nyuso za malaika, wote macho wazi. Tarehe 19 nikasimama na maelfu ya watu kando ya bwawa la Fasilides, makasisi wakayabariki maji, vijana wakajitupa ndani kwa vifijo, na mimi nikawa nawaza watu wa nyumba moja ya Bahir Dar, na yale maji yao.

Jioni ile nilikaa katika mkahawa wa Piazza, mtaa uliojengwa na Waitalia, nikaifungua fomu. Sikutia alama hata moja. Katika kisanduku cha maoni niliandika habari ya kuku wawili, tangu kununuliwa hadi kuletwa mezani, na nikauliza mama yule analipwaje. Jibu lilikuja kesho yake, likinishukuru kwa mchango wangu muhimu na kunikumbusha kwamba sehemu ya ukarimu haijajazwa.

Mpwa wangu ameshatuma yake. Alimpa mama wa watu nne, kwa sababu ya maji ya kuoga.