Anayekana na anayeuliza si mtu mmoja

Mazungumzo ya mauaji ya kimbari ya Watutsi kule Rwanda yakizuka vijiweni hapa Dar es Salaam, hakosekani wa kuyafunga kwa kauli moja: "Wale waliuana wenyewe kwa wenyewe." Mara nyingi husemwa kwa huruma, lakini mkanushaji hahitaji zaidi ya hapo. Vifo vinakubaliwa, aliyevipanga anatoweka.

Jioni ya Aprili 6, 1994, Rais Habyarimana alikuwa akirudi nyumbani kutoka mkutanoni hapa hapa Dar ndege yake ilipotunguliwa Kigali. Wanaokana huanzia hapo: ati wananchi walipandwa na hasira, mauaji yakazuka yenyewe. Hasira gani inayoweka vizuizi barabarani na kukagua kabila kwenye vitambulisho? Hasira gani inayotaja redioni majina ya watu wa kusakwa, kama ilivyofanya RTLM, redio ya uchochezi ya Kigali? Mwaka 1998 Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji yale, alikiri kosa mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha. Baadaye akataka kukana alichokiri. Rufaa yake ikatupwa mwaka 2000. Mwaka 2006 mahakama hiyo ikasema mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana kwa wote, halihitaji tena ushahidi.

Kwa hiyo naielewa Rwanda inapomshtaki anayekana. Manusura wengi wanaishi kijiji kimoja na waliowaua ndugu zao, na vifungo vinaisha. Kwao, kuambiwa kwamba mauaji hayo hayakutokea ni kama kutishiwa upya.

Lakini sheria hiyo imewanasa na wasiokana. Januari 2010 mwanasiasa wa upinzani Victoire Ingabire alifika kwenye makumbusho ya Gisozi, akayatambua mauaji ya Watutsi, kisha akataka Wahutu waliouawa nao wakumbukwe. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilimfunga miaka 15, kwa kupunguza uzito wa mauaji ya kimbari na pia kwa kula njama dhidi ya serikali. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, nayo iko Arusha, iliamua mwaka 2017 kwamba uhuru wake wa kujieleza ulikiukwa. Naona iliamua sawa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa haikumshtaki hata askari mmoja wa RPF, waasi walioishinda serikali ile na kutwaa madaraka, ingawa raia wa Kihutu waliuawa Rwanda na baadaye Kongo. Ukimkataza mjane kuwalilia hao, mkanushaji atampokea, na uongo wake utapata kisa cha kweli cha kujifunika.

Bosnia nako sheria ya kuadhibu ukanaji iliwekwa Julai 2021 na mwakilishi wa kimataifa, na viongozi wa Waserbia wakaikataa waziwazi. Kifungo hakijawafundisha waliokulia kwenye hadithi nyingine ya Srebrenica, mji ambako Waislamu wa Bosnia waliuawa na majeshi ya Waserbia mwaka 1995.

Sisi tuna nafasi ambayo wengi hawana. Kumbukumbu za mahakama ile zimehifadhiwa Lakilaki, Arusha: ushahidi, hukumu, sauti za mashahidi. Walimu wetu wa historia wazitumie darasani, pamoja na maswali magumu ambayo mahakama ile haikuyagusa.