Gereza la Kilwa si la Wareno

Ukivuka na mashua kutoka Kilwa Masoko, Gereza ndilo la kwanza kukupokea Kisiwani: boma la mraba, rangi ya mfupa mkavu, limesimama kwenye ukingo wa maji. Nimevuka mara tatu, na kila mara hakosekani abiria wa kusema, "Lile la Wareno lile." Mimi hunyamaza. Mashuani si pa kubishana.

Leo nabisha. Wareno walifika Julai 1505 na merikebu za Francisco de Almeida, wakauteka mji, Sultani Ibrahim akakimbia, nao wakajenga ngome wakaiita Santiago. Mwaka 1512 wakaitupa mkono. Miaka saba tu! Boma la leo, na minara yake miwili iliyokaa kona kwa kona, ni la Waomani wa karibu na mwaka 1800, waliojenga juu ya masalia ya lile la kwanza. Mreno katuachia jina zaidi ya ukuta: wengi hulirudisha neno "gereza" kwenye igreja, kanisa kwa Kireno. Kanisa likawaje jela, hilo tuliweke kiporo.

Alichoondoka nacho ndicho kizito. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha sultani kutoa ushuru wa dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa huko Ureno ikawa monstransi, chombo cha kanisani cha kuonyeshea hostia, iitwayo Custódia de Belém, iliyokamilika 1506. Ipo makumbusho ya Lisbon hadi leo, inameremeta.

Hebu sogea ukutani. Plasta ilipobanduka utaona matumbawe yenyewe, na vijishimo vyake vya umbo la nyota, kama yametolewa baharini jana. Hata chokaa iliyoyashika ni matumbawe yaliyochomwa. Huo ni ufundi wa pwani hii. Msikiti Mkuu wa hapohapo ulianza kujengwa karne ya 11, Mreno hajulikani.

Bahari nayo haijali boma ni la nani. Upande wake imeshaumega. Mwaka 2004 UNESCO iliziweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu, kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikaziondoa 2014, baada ya kuta kukarabatiwa na mikoko kupandwa.

Safari ya mwisho maji yalikuwa yakijaa, nahodha akatuita. Nikaokota mchangani kipande cha chokaa, kikubwa kama kiganja, nikakirudisha chini ya ukuta, kisha nikakimbilia mashua.