Kisanduku kimoja cha kutafutia, na ile sentensi ya "hakuna utafiti"

Aliyewahi kusahihisha tasnifu anaijua sentensi hii: "Hakuna utafiti uliokwishafanywa kuhusu suala hili nchini Tanzania." Hukaa mwishoni mwa Sura ya Pili, panapotakiwa pengo la utafiti, na mara nyingi mwanafunzi ameiandika kwa moyo safi. Alifungua tovuti ya maktaba, akaandika maneno matatu kwenye kisanduku kinachotafuta katika kanzidata zote kwa mkupuo, hakuona kazi ya nyumbani, akahitimisha. Wakutubi wanaponung'unika juu ya kisanduku hicho huambiwa wamebaki zama za droo za kadi. Mimi nadhani hawasikilizwi vya kutosha.

Watetezi wa kisanduku wana hoja nzito. Kila kanzidata ina mlango wake, nywila yake na namna yake ya kuulizwa. Mwanafunzi anayetafuta kwa simu, kwa bando la kupimia, hawezi kuzunguka milango yote, na ukimlazimisha atakimbilia Google Scholar, iliyopo tangu 2004 na haimwombi nywila. Hata Research4Life, mpango unaozipatia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, umeweka ndani yake Summon, zana ya kisanduku kimoja cha aina hiyohiyo.

Zana za awali zilituma swali papo hapo kwa kila kanzidata, na moja ikizubaa zote zinasubiri. Summon ilipokuja mwaka 2009, ikifuatana na zana za aina hiyo kama Primo Central na EBSCO Discovery Service, mtindo ulibadilika: taarifa za makala hukusanywa mapema kutoka kwa wachapishaji na kuwekwa katika faharasa moja kubwa. Kasi ikapatikana, na palepale likazuka swali la nani yumo na nani hayumo. EBSCO huuza kanzidata na huuza pia zana ya kutafutia; kwa miaka mingi ilivutana na Ex Libris, wenye Primo, kuhusu taarifa zipi za kanzidata zake apewe mshindani. Mtafutaji aliyeko Mbeya haoni chochote cha mvutano huo. Yeye huona idadi ya majibu, nayo huwa kubwa kiasi cha kumridhisha.

Tuchukue mihogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mizizi ardhini huku majani yakionekana mazima kwa mbali, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara. Amani ndiko ilikoanzia kazi ya kuzalisha aina zinazouhimili, na moja iliyotoka huko ingali mashambani: Tanzania wanaiita Namikonga, Kenya Kaleso, na kwenye daftari za watafiti ni 46106/27. Mmea mmoja, majina matatu. Kisanduku hulinganisha herufi, kwa hiyo ukiandika Namikonga, makala iliyotaja Kaleso peke yake haina sababu ya kuja. Ongeza watafiti wa Kongo wanaoandika Kifaransa, ambao kwao zao lenyewe ni "manioc".

Kanzidata ya fani, kama CAB Abstracts kwa kilimo, huipa kila makala istilahi kutoka orodha moja iliyopangwa, pamoja na jina la kisayansi la mmea. Anayeingia kwa istilahi ya zao na ya ugonjwa huzikuta kazi zote hizo, hata kama hajawahi kusikia kwamba Kaleso ndiyo Namikonga. Istilahi hizo zikichanganywa na za wengine katika faharasa moja, mpangilio unavurugika: CAB husema "maize", Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Marekani husema "corn".

Kwa anayetafuta kwa Kiswahili mambo ni magumu zaidi. Ile alama ya nyota inayonasa umoja na wingi wa neno la Kiingereza huwekwa mwishoni, ilhali nomino zetu hubadilika mwanzoni. Andika "mkulima*" uone kama "wakulima" watakuja.

Kwa haki, mihogo hiyohiyo inakitetea kisanduku pia. Konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu unaowapata watu wanaokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, umeandikwa sana katika majarida ya tiba, na mwanafunzi wa kilimo aliyejifungia kwenye fani yake anaweza kumaliza shahada bila kuyafungua. Utafutaji mpana humkutanisha nayo asubuhi ya kwanza.

Lakini turudi kwenye ile sentensi, maana madhara yake hayaishii kwenye tasnifu moja. Sehemu ya kazi zilizofanywa hapa haikuwahi kuwa makala ya jarida la nje. Ni tasnifu, ripoti za vituo, matoleo ya zamani ya East African Agricultural Journal. Hazina za kidijitali za vyuo vingi huendeshwa kwa programu ya DSpace, nayo inaweza kuvunwa, yaani taarifa za kazi zilizomo kukusanywa, na zana ya utafutaji kwa itifaki ya OAI-PMH, ila sharti mtu aombe na kupanga. Pasipopangwa, tasnifu iliyoandikwa jengo la jirani haionekani na makala ya Iowa inaonekana. Mwanafunzi anaandika "hakuna", msimamizi anapitisha, na mwenzake wa mwaka unaofuata ananukuu kwamba fulani alithibitisha hakuna. Sasa "hakuna" ina rejeleo lake. Fedha zinatolewa, dodoso zinachapishwa, na mkulima wa Mkuranga anaulizwa tena maswali aliyokwisha kuyajibu.

Watu wa tiba walishaukataa mchezo huu. Mwongozo wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, unataka mapitio yake ya kimfumo yatafute katika kanzidata za MEDLINE, CENTRAL na, ikipatikana, Embase, kila moja kwa istilahi zake, na maneno yaliyotumika yaandikwe yalivyo.

Sidai kila shahada ya kwanza ifike huko. Kisanduku kibaki, tena mahali pa wazi, kwa ajili ya kuanzia. Ila anayetaka kuandika "hakuna" aweke jedwali chini yake: alitafuta wapi, kwa maneno gani, tarehe ngapi. Hazina ya chuo chake na za vyuo jirani zitajwe humo kwa majina, na asiyezitaja aandike "sijaona", neno ambalo msimamizi anaweza kulidai bila kusubiri bajeti ya mtu.